Miezi minne ya korosho kabla ya kidato cha kwanza

Barua ya wazi kwa wazazi wa darasa la saba wa Bungu na Delta ya Rufiji, walimu wakuu wa shule za msingi, na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti



Nawaandikia mwezi huu wa Agosti, mikorosho ikiwa kwenye maua na mashine za kupulizia salfa zikinguruma tangu alfajiri. Najua kila mtu ana shughuli. Lakini hesabu ninayotaka kuwaonyesha lazima ifanyike sasa, maana mwezi ujao watoto wetu wa darasa la saba wanakaa kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na wakishaweka kalamu chini jioni ya siku ya pili, hawatakuwa na shule mpaka Januari.

Miezi minne, kasoro siku chache. Na ni miezi ipi hiyo? Ni ile ile ambayo korosho zinaanguka. Oktoba tunaanza kuokota, Novemba tunaanika na kuchambua, Desemba tunasubiri mnada na malipo ya chama cha msingi. Mtoto aliyemaliza la saba ndiye mkono mpya wa shamba. Anaamka na ndoo, anarudi na ndoo. Simlaumu mzazi hata mmoja, kwa sababu sare, viatu na daftari za fomu wani hutoka kwenye korosho hizo hizo. Mimi mwenyewe nilinunuliwa begi la kwanza la shule kwa korosho nilizookota kwa mikono yangu.

Ila tazameni kinachomngoja upande wa pili. Septemba mtoto anafanya mtihani wa Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili. Hisabati kwa Kiswahili. Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili. Januari anaingia darasa jingine, labda lisilozidi kilomita moja kutoka lile la zamani, na sayansi imegeuka Kiingereza, hisabati imegeuka Kiingereza, jiografia imegeuka Kiingereza. Kinachobaki kwa lugha aliyoizoea ni somo la Kiswahili, na sasa Historia ya Tanzania na Maadili. Kwenye ile fomu ya kujiunga wameorodhesha jembe, fagio, rimu ya karatasi na rangi ya soksi. Lugha haimo kwenye orodha, basi nasi hatuiandai.

Nimefundisha Kiingereza kidato cha kwanza miaka mingi kiasi cha kuijua Januari kwa sura. Mwalimu anaingia, anaeleza, kisha anauliza kama wameelewa. Darasa zima linaitikia "yes" kwa sauti moja, kama kibwagizo. Nami zamani nilikuwa mmoja wa waitikiaji hao. Shule niliyosoma siitaji, lakini muhula mzima wa kwanza sikunyoosha mkono hata mara moja, na siku niliyoomba ruhusa kwa Kiswahili niende msalani nilichapwa mbele ya wenzangu. Niliyokuwa nayajua ya sayansi niliyafungia kifuani, nikaanza upya kama mtoto asiyejua kitu.

Mwaka jana nilimkuta binti wa dada yangu amekaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, ana wiki tatu kidato cha kwanza. Mbele yake pana rundo la korosho za mwisho wa msimu, bado zina mabibo yake. Alikuwa anashika bibo kwa mkono wa kushoto, anaikata korosho kwa kuipindua, anaitupa kwenye ungo, na kwenye mapaja ameweka daftari la Biolojia lililoshaingia madoa ya utomvu. Nikamwambia, mwanangu, nisomee ulichoandika. Akasoma sentensi mbili za "photosynthesis", taratibu, bila kukosea sana. Nikamuuliza maana yake. Akanyamaza, akaendelea kupindua mabibo.

Nikabadili. Nikamwuliza kwa Kiswahili, eti jani linajipikiaje chakula? Akaweka korosho chini. Akaanza: linahitaji mwanga wa jua, linahitaji maji yanayopandishwa na mizizi, linavuta hewa ya kabonidayoksaidi, na ile rangi ya kijani ndiyo inayonasa mwanga. Akaenda mbele zaidi ya swali langu, akanionyesha jani la mkorosho lililopata ubwiriunga, lile vumbi jeupe, akasema hili halipiki vizuri kwa sababu limefunikwa. Nikamwambia, sasa hayo uliyonieleza ndiyo hayo uliyoyasoma kwenye daftari. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akitafuta kanga yake nyumba nzima, kumbe amejifunga kiunoni. Neno "usanisinuru" alikuwa nalo tangu shule ya msingi. Hakuna aliyemwambia kwamba jina jipya ni la kitu kile kile.

Hilo ndilo ninalowaomba mlikubali kwanza, wazazi na walimu wenzangu, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mtoto wa Bungu haendi fomu wani akiwa mtupu. Miaka saba amejazwa maarifa kwa lugha anayoiota usiku. Anachokosa ni majina mapya ya vitu anavyovijua, na ulimi wa kuyatamka bila woga. Hayo yanaweza kupatikana katika miezi minne, bila kuacha shamba.

Naelewa wapo watakaosema tatizo ni kubwa kuliko sisi, na wana haki. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu na kukuta Kiingereza chao hakitoshi kusomea, wakashauri kibaki hivyo hivyo na kiimarishwe. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo asije mtu akasema Kiswahili hakina maneno. Mimi nipo upande wa Makweta, tena sifichi. Lakini sera iliyozinduliwa Februari 2025 imekiacha Kiingereza sekondari, na mtoto wako anaingia darasani Januari hii, haingii siku tutakayomaliza kubishana.

Serikali yenyewe inajua kuna korongo hapo katikati. Ndiyo maana kidato cha kwanza huanza na kozi ya maandalizi ya Kiingereza, wiki chache kabla masomo hayajashika kasi. Ni jambo jema, nami huifundisha kwa moyo. Tatizo letu la huku ni kwamba wanaoihitaji zaidi ndio wanaoikosa. Mtoto wa Bungu mjini anaripoti siku ya kwanza. Mtoto wa Delta, wa Salale au Kiongoroni, anasubiri boti, anasubiri maji, anasubiri baba apate nauli na mahali pa kumfikishia. Wapo wanaotokea Februari tumeshamaliza kozi, wanakaa nyuma, na mwaka mzima wanaishi kwa kunakili ubaoni.

Wenye uwezo wameshapata njia yao. Mtihani ukiisha tu, mtoto anapandishwa basi mpaka Mbagala, Dar es Salaam, kwa shangazi, anaingizwa kwenye darasa la kulipia la kujiandaa na fomu wani, Januari anarudi ulimi umelainika. Hongera yao. Ila kijiji kizima hakiwezi kuhamia Mbagala.

Sasa ombi langu lenyewe. Kila shule ya msingi ya kata yetu ifungue darasa moja, asubuhi tatu kwa wiki, kuanzia Jumatatu inayofuata mtihani mpaka katikati ya Desemba. Darasa moja, ubao mmoja, saa mbili. Watoto waje saa nne, wakishaokota za alfajiri. Pasiwe na ada. Pasiwe na sare. Anayekuja na ndoo aje na ndoo yake aiweke mlangoni.

Na afundishe nani? Hapa nataka tutazame vijana wetu. Kidato cha sita humaliza mitihani Mei, na wanaokwenda chuo kikuu hawaondoki kabla ya Oktoba au Novemba. Kwa hiyo Septemba wapo nyumbani, wamekaa kwenye mabenchi pale stendi wakingoja magari ya Dar, wengine wanaendesha bodaboda za watu. Kijana wa namna hiyo hahitaji kuwa bingwa. Anahitaji kukumbuka alivyoumia yeye fomu wani. Mwalimu mkuu amsimamie, serikali ya kijiji imjue kwa jina na tabia, na mzazi mmoja awe anakaa pale darasani siku zote za masomo, hasa kwa ajili ya usalama wa mabinti zetu. Hilo la mwisho nalisisitiza, na darasa lisiloweza kulitimiza ni heri lisifunguliwe.

Wafundishe nini? Wasianze na kitabu cha kidato cha kwanza, wala wasipoteze mwezi mzima kwa majedwali ya vitenzi. Wachukue kitabu cha sayansi cha darasa la sita na la saba ambacho mtoto ameshakisoma. Daftari lipigwe mstari katikati. Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Mizizi, "root". Shina, "stem". Sumaku, "magnet". Msuguano, "friction". Maneno kumi kwa asubuhi, asubuhi tatu kwa wiki, wiki kumi na mbili: ni maneno 360. Mtoto anayeingia fomu wani akiyajua maneno 360 ya masomo, ya vitu anavyovifahamu, hatakuwa wa kuitikia "yes" tu. Atasikia neno moja katika sentensi ya mwalimu, atalishika kama kamba, atajivuta mpaka kwenye maana.

Baada ya maneno, kusoma kwa sauti. Na hapa tuna utajiri ambao hatujautumia. Watoto wetu wengi wamepita madrasa. Wamejifunza kusoma maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, ya lugha isiyo ya mama zao, wakiwa na miaka sita. Wamejifunzaje? Kwa sauti, kila siku, mkubwa akimsomesha mdogo, kosa likirekebishwa pale pale na kurudiwa mpaka linyooke. Mtoto aliyehitimu juzuu kwa njia hiyo ulimi wake si mgumu. Kiingereza nacho kisomwe hivyo, ila kwa nyongeza moja: kila sentensi iulizwe maana kwa Kiswahili kabla ya kwenda ya pili. Tusimlee mtoto wa kutamka vizuri asichokielewa, maana huyo nimeshamwona chini ya mkorosho.

Tena Kiingereza kimezagaa majumbani mwetu kuliko tunavyodhani. Chukua mfuko wa salfa kabla haujafunguliwa, au chupa ya dawa ya ubwiriunga ikiwa imefungwa. Maandishi yake mengi ni ya Kiingereza: kiasi gani cha maji, siku ngapi kabla ya kuvuna, avae nini anayepuliza. Keti na mwanao barazani, mwambie, haya nisomee. Kama nawe Kiingereza chako ni cha kuombea maji, afadhali zaidi, atakuwa anakufundisha kitu kinachokuhusu. Mzee mmoja jirani yangu alifanya hivyo na mjukuu wake, wakagundua pamoja kwamba miaka miwili amekuwa akichanganya dawa nusu ya kipimo. Tangu siku hiyo yule mjukuu ndiye msomaji wa dawa wa mtaa mzima.

Walimu wakuu, nanyi naomba mniwie radhi kwa hili. Vitabu vinapofungiwa kabatini Septemba na kufunguliwa Januari, vinaliwa na mchwa bila kuguswa na mtoto. Najua hofu: kitabu kikipotea, mwalimu mkuu anaulizwa. Basi lifunguliwe daftari la kuazima, mzazi atie sahihi au dole gumba, kitabu kitoke Jumatatu kirudi Jumatatu. Kwenye shule yenye simu janja moja tu, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Kijana anaweza kunakili ukurasa ubaoni.

Kwa Delta najua asubuhi tatu ni ndoto. Kule kuna siku maji yamekupwa na mitumbwi imekaa kwenye tope, na kuna familia zinazohamia mashambani, mtoto akashinda dunguni akifukuza ndege na ngedere. Basi kitabu kimfuate. Kila kijiji kiteue nyumba moja, ya mwenye duka au ya mwalimu wa madrasa, viwekwe humo vitabu ishirini vyepesi vya Kiingereza na kamusi moja. Hadithi fupi zenye picha zinatosha. Si jambo jipya nchini: kuanzia 1987 mradi wa Kiingereza uliogharimiwa na Uingereza ulipeleka sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, chepesi kwanza kizito baadaye. Sisi tuvishushe ngazi moja chini, vimfikie mtoto kabla hajavaa sare. Dunguni kuna saa nyingi za kukaa kimya.

Mama zangu na dada zangu, nina neno lenu peke yenu. Naijua miezi hii ilivyo kwa mabinti. Korosho zikilipa, ngoma zinalia. Binti aliyemaliza la saba anawekwa ndani, anafundwa, anatolewa kwa shangwe. Sisemi mila ziachwe, nami ni mtoto wa mila hizo. Lakini kwetu mwanamke anayemfunda mwali tunamwita somo, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa kinachofundishwa shuleni. Nawaomba mwali akiingia ndani, kitabu kiingie naye. Na siku za kumweka zipunguzwe ili asikose darasa la maandalizi, na ngoma zozote zikamilike kabla ya Januari, asije akaripoti mwezi wa pili wenzake wameshaondoka. Mabinti ndio wanaonyamaza zaidi darasani. Mvulana asiyeelewa hufanya fujo, utamwona. Binti asiyeelewa huinamisha kichwa, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaweza kudhani huyo ndiye mwenye adabu.

Waheshimiwa wa Halmashauri, kwenu maombi ni mawili na ni madogo. Toeni waraka unaoruhusu madarasa haya na kuwakinga walimu wakuu watakaoyafungua, ili asitokee mtu kuyaita masomo ya ziada ya kulipia. Na katika fedha mnazokusanya kwenye korosho zetu, tengeni za chaki, kamusi na nauli ya boti ya kupeleka vitabu Delta. Kisha anzeni kuiangalia Januari 2028. Kwa utaratibu wa sera mpya, watoto wa la sita na wa la saba watamaliza pamoja 2027, na wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Mnajenga madarasa kwa ajili yao, na tunashukuru. Lakini watoto mara mbili maana yake ni ukimya mara mbili, na mwalimu wa Kiingereza atabaki yule yule mmoja.

Kwa walimu wenzangu wa sekondari nina neno fupi tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na cha St John's, wakishirikiana na wenzao wa Bristol, Uingereza, waliandaa vitabu vya mfano vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi na istilahi zilizotolewa maana kwa Kiswahili, na mazoezi ambayo mwanafunzi anajadiliana kwanza kwa lugha yake ndipo anaandika kwa Kiingereza. Tuwafuate. Mtoto akija na lile daftari la safu mbili, tusimnyang'anye. Akijibu swali kwa Kiswahili na jibu ni sahihi, tumwambie ni sahihi, halafu tumpe maneno ya kulisema upya. Kiboko cha mtu anayeomba kwenda msalani hakijawahi kumfundisha yeyote Kiingereza. Nilichojifunza mimi siku ile ni kubana mkojo.

Nimeshaongea na vijana wanne waliomaliza kidato cha sita, watatu wamekubali. Binti wa dada yangu naye amesema atakuja siku za likizo kuwaonyesha wadogo zake daftari lake, madoa ya utomvu na yote. Kinachokosekana ni ruhusa na ufunguo wa chumba. Nitapita ofisi ya kata Ijumaa baada ya swala kufuatilia. Chaki ninazo boksi mbili, na kamusi yangu ya TUKI, ingawa jalada limetoka, kurasa zake zote zipo.

Wenu katika kazi hii,
Mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Bungu